Mikono Miwili ya Bawabu

Msimu ule mji wa Tambarare ulijaa adabu, na adabu yenyewe ilikuwa ya kukomoana.

"Pita wewe, dada."

"Mimi? Hata kidogo. Tangulia wewe, kaka yangu."

"Nimeshasema pita."

"Na mimi nimeshasema sipiti."

Nyuma ya kioo kinene cha chumba cha mashine, Siwema aliwatazama watu wazima wawili wakivutana mikono mbele ya mlango wa pango, kila mmoja akitaka kuigusisha bangili yake kwenye bangili ya mwenzake kabla hajaguswa yeye. Mwishowe yule mwanamume akamkunja yule dada mkono, akagusisha, akasema "Nimekupisha" kwa sauti ya mtu anayezaba kofi. Mlango wa mwamba ukafunguka. Bawabu akaanza kuita majina kwa ile sauti yake ya puani, na jina la mwanamume likawa miongoni mwa ya kwanza. Dada aliyepishwa akabaki juani, kajitanda kanga kichwani, akimlaani mtu aliyempa nafasi.

"Unaona mambo hayo?" alisema Mwenyekiti Mbogoni, akipuliza chai yake. Mkuu huyo wa mji alipenda kushinda humo mchana, yeye na watu wa nyumba yake, kwa kuwa chumba cha mashine kilikuwa na ubaridi kuliko pango lolote. "Tangu uingize msimbo wako mpya watu wamestaarabika. Wanapishana mpaka raha."

Siwema alikuwa bado akimtazama yule dada. Mtu akikupisha, wewe ndiye unayepita. Hilo halihitaji shule. Sasa iweje aliyepisha aingie na aliyepishwa abaki nje?

Jua la Tambarare halikuwa tena jua la kuanikia mahindi. King'ora cha mchana kikilia, aliyebaki nje ya mapango mpaka alasiri alibebwa na wenzake, hakutembea mwenyewe. Nafasi zilitosha watu wote, ila ubaridi ulichelewa kujaa, pango moja baada ya jingine, hivyo milango ilifunguliwa kidogo kidogo na lazima awepo wa kusema nani aanze. Mwanzoni watu walijaribu kuamua wenyewe, wakatiana mapanga. Ndipo kazi wakapewa chipu kuukuu, zilizookotwa kwenye magofu ya ofisi, maana chipu mpya zilikuwa zimekoma kuja kabla Siwema hajazaliwa. Zikaandikiwa msimbo, yaani maagizo ya mashine, kwa lugha ya C, lugha kongwe isiyombembeleza mtu: ukikosea, inakosea nawe mpaka mwisho. Wakaiita mashine ile Bawabu. Bangili ya kila mtu ilipima joto la mwili wake, na kila mlango ulipokaribia kufunguliwa Bawabu aliyapanga majina yote upya, mwenye joto kali mbele, mwenye nafuu nyuma.

Na waliolingana joto? Hapo ndipo penyewe. Aliyetangulia kufika alitangulia kuingia, kama ndoo zinavyopangwa bombani. Ukitaka kumpisha mtu, unagusisha bangili yako kwenye yake, na Bawabu analitoa jina lako lilipo na kulitupa mwisho kabisa. Kupisha kulikuwa na gharama, na ndiyo maana kulikuwa na heshima.

Kisha Siwema akamwona Mama Nyaso.

Mama mzazi wa marehemu mume wake alisimama peke yake juani, watu wamemwachia nafasi pande zote kama mwenye ndui. Mji mzima ulikuwa ukimwita Mama Pisha, kwa kuwa hakuwahi kumwona mwenye mtoto mgongoni asimpishe. Leo mikono yake yote miwili aliificha nyuma. Mwanamke mmoja akapita karibu naye, akatema mate miguuni pake.

"Mwizi wa foleni," akasema.

Mama Nyaso aliitwa karibu na mwisho, akaingia akipepesuka.

*

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa bado la kuvumilika, Siwema alimkuta barazani akichambua mlenda.

"Hodi, Mama."

"Kama umetumwa na Mbogoni, rudi ulikotoka."

"Nimekuja mwenyewe. Shikamoo."

"Marahaba," alisema mama, na marahaba yenyewe haikuwa na chumvi.

Hakumkaribisha kukaa. Siwema akakaa hivyo hivyo, kwenye kizingiti.

"Jana hukumgusa mtu, Mama."

"Sigusi tena." Alitupa jani lililooza pembeni. "Binti wa Chiduo alikuja na kichanga mgongoni. Nikampisha, kama nilivyofanya siku zote. Mlango ukaniita mimi. Nikasema jamani hapa pana kosa, mwiteni huyu mwenye mtoto. Walinzi wakanisukuma ndani, wakaniambia Bawabu hakosei. Kichanga kile kikashikwa na degedege palepale mlangoni. Kiko hai, ndiyo. Lakini ukikiita hakigeuki."

"Sikujua."

"Mtaa mzima unajua. Wanasema siri ya kupisha niliijua kabla yao, kwa sababu mke wa mwanangu ndiye anayempikia Bawabu. Na tangu siku ile kila mmoja ameijua. Umeona wanavyokunjana mikono? Walijifunza kwangu."

Siwema alitaka kusema kwamba hakukusudia, lakini maneno hayo hata masikioni mwake mwenyewe yalikuwa mepesi mno.

"Masinde wangu alifia mlangoni," Mama Nyaso akaendelea, "nikasema ni amri ya Mungu. Sasa na jina langu limefia mlango uleule. Leo siendi."

"King'ora kikilia utakaa wapi?"

"Hapa, na mlenda wangu."

"Mama, utakufa."

"Nitakufa sijamwibia mtu. Wizi ni wako, mke wa Masinde. Mimi umenivika tu." Akanyanyua ungo wake. "Ukitaka nije mlangoni, nenda kawaambie watu ulichofanya. Kwanza kakijue chenyewe."

*

Lugendo alikuwa amevaa sweta, kama kawaida yake chumbani humo, akinywa dawa yake ya moyo kwa maji ya baridi. Alikuwa kaka mkubwa wa Masinde na ndiye aliyeandika msimbo wa kwanza wa kupanga majina. Yeye na Siwema walifanya kazi meza moja na kusalimiana kwa sababu tu ukuta usingejibu.

"Mama yako anasema leo haji," alisema Siwema, akivuta kibodi.

"Mama yangu husema mengi."

Siwema akamwachia hapo. Akatengeneza majina machache ya bandia, nusu yao wa moto, nusu wa nafuu, akampa mmoja wa wale wa moto alama ya kupisha, akauendesha msimbo wake polepole, hatua kwa hatua, huku akiutazama.

Msimbo huo aliuandika akiwa bado amevaa kaniki ya msiba, na aliuandika kwa chuki. Ule wa Lugendo uligawa orodha nusu kwa nusu, ukapanga kila nusu, kisha ukaziunganisha kama foleni mbili zinazoingia mlango mmoja. Kazi safi, lakini ilidai jedwali la pili kubwa kama la kwanza, na majina yalihamishwa huku na huko mpaka chipu zikachoka. Wahamiaji walipoongezeka mjini, mlango ulianza kufunguka kabla Bawabu hajamaliza kupanga. Waliokuwa mkiani mwa orodha hawakusomwa kabisa. Mchana mmoja Masinde alichelewa kurudi kutoka kwenye pampu, jina lake likaingia mwisho. Bangili yake ilikuwa nyekundu kwa joto tangu mlango wa kwanza hadi wa mwisho, na Bawabu hakuwa na habari kwamba mtu huyo yupo duniani. Lugendo alikuwa ameshaona kwamba muda hautoshi. Alinyamaza kwa kuwa msimbo ulikuwa wake.

Wa Siwema haukutaka jedwali la pili. Ulikuwa na mikono miwili: mmoja ulianzia mwanzo wa orodha ukitafuta mtu anayeweza kungoja, mwingine ulianzia mwisho ukitafuta mtu asiyeweza. Ikiwapata, inawabadilishia nafasi, inasogea, mpaka ikutane. Kisha inarudia kwenye kila kipande. Joto la mtu na namba ya bangili yake alivibana ndani ya neno moja la mashine, ili chipu iteke majina mengi kwa kiganja kimoja kutoka kwenye kumbukumbu badala ya kurudi ghalani kila mara. Aling'oa kila "kama", kila swali la ndiyo au hapana, iliyoweza kung'oka, maana kila "kama" huifanya chipu isimame ikibahatisha. Bawabu akawa anamaliza kabla mlango haujafunguka. Hakuna tena aliyesahaulika. Siwema alilia kwa furaha siku ile, na kwa ubaya pia, akimtazama Lugendo.

Sasa aliutazama ule mkono wa nyuma. Ulianza mwisho kabisa wa orodha, ukamkuta mtu wa moto, ukamnyakua na kumpeleka mbele kabisa, mahali pa mtu mwenye nafuu. Aliyekuwa wa mwisho akawa wa kwanza.

Na nani anayekaa mwisho kabisa wa orodha? Aliyepisha.

Alirudia. Alibadilisha majina, akarudia tena. Mkono ule haukuwa na kosa lolote, ulifanya alichouambia.

"Nilikuonya," alisema Lugendo nyuma yake.

"Hukunionya. Uliniambia msimbo wangu ni wa kihuni. Hukuniambia kwamba wako unawatunzia zamu waliotangulia."

"Hilo nalo ni la kuandika? Nani asiyejua kwamba aliyetangulia ndiye wa kwanza?"

"Mashine, shemeji. Mashine haijui. Wewe ulilijua, ukaona haya kulisema. Mimi nililijua, sikufikiri kuuliza."

Lugendo akakohoa. "Basi rudisha wangu."

"Nirudishe wako afe nani? Taja jina. Wale wa mkiani wana majina."

Siwema aligeukia kioo cha mashine, akaanza kuandika. Aliwapa watu wote namba ya kufika, ili joto likilingana, namba hiyo iamue, na anayepisha apewe namba ya mwisho. Ila haikuingia ndani ya neno moja; ilihitaji neno la pili, na kiganja kilichokuwa kikiteka watu wengi sasa kiliteka nusu yao. Kila ulinganisho ukawa mzito. Alibana huku, akafungua kule, akapanga upya data zikae karibu karibu, akaupima msimbo. Ulikuwa wa kasi kuliko wa Lugendo, lakini haukumaliza. Mkia mfupi ulibaki haujasomwa, na humo mkiani walikuwemo wahamiaji, kama kawaida.

"Umeona?" alisema Lugendo, na sauti yake ilikuwa na raha kidogo. "Ama haki ama kasi. Chagua."

Siwema aliinua macho, akaitazama mifereji ya hewa ya baridi juu ya vichwa vyao, mahali ambapo mke mdogo wa Mbogoni alikuwa ameshatandika mkeka wake wa mchana. Akaitazama sweta ya Lugendo. Akaitazama yake mwenyewe.

"Chipu hizi zinaweza kwenda mbio kuliko hivi," alisema taratibu. "Ni sisi tuliozifunga kasi ili zisipate joto."

"Zitaungua."

"Zikipewa baridi yote ya chumba hiki haziungui. Tunaziba mifereji yetu, tunaelekeza yote kwenye mashine. Bawabu anamaliza, mpaka jina la mwisho."

"Na sisi?"

"Hiki chumba kitakuwa tanuri. Tutapanga foleni nje, kama watu."

Lugendo alicheka bila furaha. "Moyo wangu huu? Unajua daktari alisema nini?"

"Unajua mama yako alisema nini?" Siwema akamweleza: degedege, mate miguuni, baraza, mlenda. Hakulipunguza hata neno moja. Alitaka limuume, na lilimuuma. Mzee yule alishika ukingo wa meza kama chumba kimeinama.

Badiliko lolote la Bawabu lilitaka bangili mbili za waandishi wake wote wawili juu ya bamba la mashine. Siwema alishaweka yake.

"Sifanyi kwa ajili yako," alisema Lugendo.

"Sijakuomba unipende. Weka mkono."

Akauweka.

Mbogoni alikuja na kikombe chake wakati feni zimeshaanza kunguruma. "Nani kaziba hewa? Yaani viongozi tukapange foleni? Nani ataongoza mji?"

"Mkuki kwa nguruwe, Mwenyekiti," alisema Siwema, akivua sweta.

Mbogoni aliwaita walinzi. Walinzi wakaja, wakaonja hali ya humo ndani, wakatoka. Mwenyekiti naye akavumilia mpaka jasho likamchuruzikia ndani ya chai, kisha akatoka akitukana, mkewe nyuma yake na mkeka kichwani.

*

King'ora kilipolia, Siwema alipanda juu ya jiwe mbele ya pango. Alikuwa hajasimama kwenye jua la saa hiyo kwa miaka, na kichwa kilianza kumzunguka mapema. Akawaambia watu. Kwamba waliopisha walikuwa wakiingia kwa sababu ya msimbo wake. Kwamba Mama Nyaso hakujua. Kwamba tangu leo anayepisha anabaki nyuma kweli.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja aliuliza kama msimbo huo utamrudishia mtoto wa binti wa Chiduo akili zake. Mwingine akamvuta kutoka kwenye jiwe kwa nguo. Alipoinuka kutoka mavumbini alimwona Mama Nyaso ukingoni mwa umati, na mtoto wake Lugendo kamshika mkono. Ama yeye kamshika Lugendo, haikujulikana. Walikuwa wamesikia.

Mama Nyaso alikuwa ameshajiandikisha mlangoni. Siwema aliyekuwa akihubiri juu ya jiwe alijiandikisha baada yake. Dakika hazikuwa nyingi, bangili yake ikageuka nyekundu. Mwili uliozoea baridi hauna ujanja juani. Ya mama nayo ilikuwa nyekundu. Watu wakaanza kumtazama yule mama mzee. Walimjua. Wote walisubiri mkono wake.

Mama Nyaso aliutazama uso wa mkwe wake uliokauka midomo. Mkono ukainuka kidogo, ukashuka.

"Leo sipishi," alisema. "Leo naingia kwa zamu yangu."

Bawabu akaita. Jina lake likaja mahali pake, halikusogezwa mbele wala nyuma, na akapita katikati ya watu bila kuinamisha kichwa. Mlango ukafungwa.

Ndipo Siwema alipohisi mtu nyuma yake. Alikuwa binti wa Chiduo, amefika akihema, kichanga mgongoni, macho ya mtoto yakiangalia pasipo na kitu. Bangili yao ilikuwa nyekundu.

Siwema akanyoosha mkono. "Nakupisha."

Yule binti akaficha mikono yake nyuma, vilevile kama alivyofanya Mama Nyaso. "Usiniguse."

"Safari hii ni kweli. Nimeirekebisha."

"Ulisema hivyo hata ya kwanza, kwamba umeirekebisha. Ukinigusa nitapiga kelele."

Siwema hakuwa na nguvu za kubishana, na mlango ulikuwa unakaribia kufunguliwa tena. Akamshika mkono kwa nguvu, akaukunja, binti akapiga kelele, mtu akampiga Siwema ngumi ya mgongo, naye akagusisha bangili kwenye bangili.

"Nimekupisha," alisema.

Mlango ukafunguka. Sauti ya puani ikaita, na jina la binti wa Chiduo likawa la kwanza. Binti alisimama kama aliyesikia uongo, akatazama nyuma mara moja, asishukuru, akakimbia ndani na mtoto wake. Majina ya wekundu wengine waliofika baada yake yakafuata. La Siwema halikuitwa, na mlango ukafungwa.

Jina lake sasa lilikuwa mwisho kabisa wa orodha, palepale lilipokuwa jina la Masinde. Siwema akaketi chini kwenye mchanga wa moto, akaifunika bangili kwa kanga, akangoja kuona kama Bawabu atafika huko.